Okidi si Kupe

Nimeambiwa na zaidi ya muuza maua mmoja mjini Mbarara, Uganda, kwamba okidi ni ua la kununua, si la kukuza. Unaitoa dukani ikiwa imechanua, inapamba meza miezi miwili au mitatu, maua yanapukutika, unatupa. Ukiuliza kwa nini utupe mmea ambao majani yake bado mabichi, unajibiwa kwa upole, kama mtu anayekupa pole ya msiba: hiyo imekwisha, hizi ni za Ulaya, huku kwetu hazirudii. Ukiipakata kwenye teksi mpaka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, unakutana na kauli ya pili: mkimbizi na maua wapi na wapi? Na ukishaitundika kwenye boriti ya kibaraza, anapita mzee na kauli ya tatu, ambayo ndiyo inayoniuma kuliko zote: hicho ni kinyonyaji, kitaua miti yako.

Sikubaliani na hata moja. Ninazo okidi 11 chini ya ukingo wa paa langu la mabati. Tisa nilizitoa kwenye taka nyuma ya kumbi za harusi mjini, Jumapili asubuhi, wakati wafagiaji wanakusanya maputo na utepe wa jana. Kati ya hizo tisa, saba zimechanua tena, na mbili kati ya hizo saba zimechanua mara tatu. Nyingine mbili zilikuja na mzigo wa kuni. Hizo nitazieleza mbele. Sina shahada ya kilimo. Nina macho, na nina miaka ya kuziangalia kila asubuhi kabla ya kwenda kupanga foleni ya maji.

Tuanze na Ulaya. Okidi inayouzwa Mbarara, ile yenye majani manene kama ulimi wa ng'ombe na maua yaliyopangana kwenye bua kama vipepeo, ni Phalaenopsis. Haikuzaliwa Ulaya. Kwao ni misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, Ufilipino, Indonesia, hadi kisiwa cha Taiwan, ambako hushika gome la mti na kuinamisha majani ili maji ya mvua yatiririke yasilale moyoni mwake. Indonesia imeiweka mojawapo, Phalaenopsis amabilis, miongoni mwa maua yake ya taifa. Ilichofanya Ulaya ni kuijengea kiwanda.

Zamani okidi ilikuwa ya matajiri kweli, na kisa chake ni mbegu. Tunda moja la okidi likikauka laweza kumwaga mbegu laki kadhaa, ndogo kama vumbi, na hakuna hata moja iliyofungiwa chakula cha kuanzia maisha jinsi punje ya hindi inavyofungiwa. Mfaransa Noël Bernard aligundua mwaka 1899 kwamba huko porini mbegu hizo huamshwa na kuvu: kuvu hiyo iingie ndani ya mbegu, iilishe, ndipo iote. Aliyetaka okidi nyingi, basi, ilimbidi atume watu msituni wakazing'oe, na meli izisafirishe, na nusu zife njiani. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson akachapisha njia ya kuziotesha bila kuvu, ndani ya chupa, juu ya rojo yenye sukari. Hapo ndipo mlango wa matajiri ulipovunjwa. Leo okidi huzalishwa kwa mamilioni kwenye nyumba za vioo za Uholanzi. Anayeniambia ni ua la matajiri anazungumzia dunia iliyokwisha kitambo.

Na kiwanda chenyewe ndicho shahidi wangu wa kwanza. Mkulima wa Kiholanzi akitaka okidi zake zikuze majani tu, zisichanue kabla ya wakati, huziweka kwenye joto la nyuzi 28 hivi, usiku na mchana. Akitaka zichanue, hulishusha joto hilo mpaka nyuzi 19 au 20 kwa wiki kadhaa, na kwenye kwapa la jani linachomoza bua. Kwa hilo analipia mitambo na umeme. Sasa tuangalie kwetu. Mji wa Mbarara uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Nakivale iko chini kidogo, lakini nayo imepita mita 1,200. Mchana wetu hufika nyuzi 26 au 27. Usiku, hasa Juni hadi Agosti, anga likitakata na joto lote la mchana likapaa, tunashuka kwenye nyuzi 15 hivi, na watoto wanagombania blanketi. Kile anachokinunua Mholanzi kinashuka bure juu ya mabati yangu.

Basi kwa nini hazirudii kuchanua kwenye nyumba za Mbarara? Kwa sababu hazipewi huo usiku. Nimeingia sebule nyingi na nimeona zinakowekwa: juu ya kabati la televisheni, pazia zito limeshushwa, madirisha yamefungwa tangu saa kumi na mbili jioni kwa ajili ya mbu, jiko la mkaa linapoa kwenye korido. Humo ndani usiku na mchana ni mamoja. Mwanga ni wa kusomea gazeti kwa taabu. Mmea unakaa humo mwaka mzima ukingoja dalili kwamba msimu umebadilika, na dalili haiji, kwa hiyo unafanya lile ambalo mmea wowote wenye akili ungefanya: unabaki na majani yake. Halafu mwenye nyumba anasema Afrika haiifai okidi. Afrika iko nje ya dirisha, mama. Toa huo mmea nje uione.

Hapa nawakubalia watu wa Mombasa na Dar es Salaam, kwa sababu sitaki kushinda hoja kwa kuonea. Kwao usiku ni wa joto kweli, na Phalaenopsis iliyotundikwa barazani Kisauni au Temeke inaweza kukaa miezi na miezi bila bua. Wao wana okidi nyingine zinazopenda joto hilo, Vanda na jamii nyingi za Dendrobium, na huko zinachanua vizuri kuliko zitakavyowahi kuchanua kwangu. Lakini mtu wa Mbarara hana udhuru huo. Yeye amekalia hali ya hewa ambayo wenzake wanaitengeneza kwa mashine.

Nije kwenye maji, maana ndiyo yanayoua. Kati ya okidi nilizoziokota, karibu zote zilikuwa zimezamishwa: chungu kizuri cha nje kisicho na tundu, kimejaa maji hadi nusu, na mizizi imegeuka ugali wa kahawia. Waliofanya hivyo hawakuwa wazembe. Walikuwa wakarimu. Waliona ua la bei kubwa wakadhani heshima yake ni kulimwagilia kila siku. Wahenga wetu walijua mipaka ya ukarimu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Okidi haipewi na mtu yeyote jembe lake. Inaendelea kulishwa kama mgeni wa siku ya kwanza mpaka inaoza.

Mzizi wa okidi hii haukuumbiwa udongo. Umevikwa ngozi nyeupe kama sifongo, inayofyonza maji ya mvua kwa dakika chache kisha inakauka kwa upepo. Ikiwa na kiu ina rangi ya fedha. Ikishiba inageuka kijani, na ukijani huo ni sawa na wa jani, kwa sababu mizizi nayo hutumia mwanga kutengeneza chakula. Ndiyo maana mimi sizipandi kwenye vyungu vya udongo. Nakata dumu angavu la mafuta ya kupikia, natoboa matundu chini na ubavuni kwa msumari wa moto, najaza vipande vya mkaa visivyozidi ukubwa wa gololi na magome ya msonobari ninayopewa na mafundi seremala mjini, ambao wao huyachoma tu. Sitii hata kiganja cha udongo. Mbili za mwanzo nilizipanda kwenye udongo mweusi wa shambani, ule unaootesha maharage mpaka yanatambaa njiani, na zilikufa kwa mwezi mmoja na nusu. Hazikujumlishwa kwenye zile 11. Zilikufa kwa sababu ya udongo wangu mzuri.

Kwa dumu angavu huna haja ya ratiba. Unaangalia. Mizizi yote imekuwa fedha, unalitumbukiza dumu kwenye beseni la maji ya mvua kwa robo saa, unalitoa, linachuruzika, unalirudisha boritini. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei naweza kupitisha siku kumi bila kugusa. Wakati wa kiangazi ni mara mbili kwa wiki. Maji yakilala pale katikati majani yanapokutana, nayakausha kwa ncha ya kitambaa, kwa sababu kuoza moyo ndiyo njia nyingine kubwa ya kuipoteza. Mbolea napenda iwe nyepesi mno: robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na kwa mizizi iliyokwisha kulowa, isije ikaungua.

Na mwanga. Jani likiwa kijani cheusi, la kupendeza, linalong'aa, watu husifu. Mimi najua hiyo haitachanua mwaka huu. Jani linalotaka kuchanua lina rangi ya jani changa la mgomba. Jua la asubuhi hadi saa tatu linatosha, na baada ya hapo kivuli chepesi. Jua la saa saba linaacha baka jeupe kama aliyemwagikiwa na maji ya moto.

Maua yakishadondoka, mkasi usiharakishe. Bua likiwa bado bichi, nahesabu mafundo kutoka chini, nakata juu kidogo ya la tatu, na mara nyingi fundo la juu linatoa tawi jipya la maua, dogo kuliko la kwanza lakini la kweli. Bua likikauka kuwa kahawia, nakata hadi chini na kuuacha mmea uzae jani. Ile miezi ya jani ndiyo watu wanayoiita kifo. Mwezi wa saba, baada ya wiki chache za usiku wa baridi, kitu kinachungulia kwenye kwapa, chenye ncha butu kama kidole cha mtoto ndani ya glavu. Mzizi una ncha laini ya mviringo. Bua lina ncha yenye pembe upande mmoja. Nimelala macho nikibishana na nafsi yangu kama ni mzizi au bua. Toka hapo hadi ua la kwanza kufunguka ni miezi miwili, mitatu.

Wanaodai kwamba watu wa nchi hii hawana habari na okidi, mimi huwapeleka Mukono, kwenye mashamba ya vanila, kwa mawazo. Vanila ni okidi. Watu wa pwani waliipa jina la lavani, na kila ukiramba barafu ya maziwa yenye vanila halisi unaramba tunda la okidi. Ilitoka Mexico, na kwa karne nyingi nje ya kwao ilitoa maua bila tunda, mpaka mwaka 1841 kijana mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, alipoonyesha jinsi ya kuinua kile kiwambo kidogo ndani ya ua kwa kijiti na kugandamiza chavua kwa dole gumba. Wataalamu wa bustani za wafalme walikuwa wameshindwa kupata njia nyepesi kama hiyo. Mpaka leo wakulima wa Mukono, Kayunga, Bundibugyo na Kasese hufanya vilevile, ua kwa ua, alfajiri, kwa sababu ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu na mchana limesinyaa. Ng'ambo ya mpaka, Beni na Butembo nchini Kongo, kuna wenzetu wengi wanaoijua kazi hiyo. Baadhi yao sasa ni majirani zangu Nakivale, na wanashangaa nikiwaambia kwamba mikono yao imelea okidi maelfu.

Waulize wakulima hao nini huifanya vanila ichanue. Watakwambia kiu. Mvua ikinyesha bila kukoma, mtambaa unapanda na kupanda, majani matupu. Ukame wa wiki kadhaa ndio unaouambia sasa zaa. Uganda huvuna vanila mara mbili kwa mwaka kwa sababu ina viangazi viwili. Maarifa ya kuichanusha okidi, basi, yako hapa nchini, yako vichwani mwa watu wasiojua kusoma, yanalisha familia. Kilichokosekana ni mtu wa kuyavusha kutoka shamba la Mukono hadi sebule ya Mbarara. Phalaenopsis hutaka baridi zaidi kuliko kiu, hilo ni kweli, lakini somo la msingi ni lilelile: mmea huchanua unapohisi mabadiliko, na sisi tunauzuia usihisi chochote.

Sasa mzee wangu. Alisimama chini ya kibaraza akiegemea fimbo, akatazama ile mizizi inayoning'inia hewani, akasema, "Mwanangu, hiyo inanyonya mti. Nimeiona tangu utoto. Mti wenye hiyo hufa."

Nikamwambia, "Mzee wangu, shikamoo. Umeona kweli, lakini umeona kingine."

Hakukosea bila sababu. Kuna mmea unaonyonya kweli, na umejaa kwenye miparachichi na miembe ya huku: una majani manene, na vitunda vyenye utomvu wa kunata ambavyo ndege akila hupangusa mdomo kwenye tawi na kupanda mbegu hapohapo. Huo hutoboa gome, huzamisha mzizi ndani ya mti wenyewe, na tawi hukauka kutoka hapo kwenda mbele. Okidi hukaa karibu nao, kwenye tawi lilelile mara nyingine, na kwa mtu anayetazama kutoka chini vyote ni kijani kigeni juu ya mti wa mwenyewe. Nilimletea tawi lililoanguka lenye vyote viwili. Nikapasua kwa kisu. Kwa mnyonyaji, kisu kilikuta mbao na mzizi vimeshonana, huwezi kusema huyu anaishia wapi. Kwa okidi, mizizi ilibanduka pamoja na magamba ya gome, na chini yake mti ulikuwa mzima, mkavu, haukuguswa. Okidi hunywa mvua, hula vumbi na majani makavu yanayonaswa kwenye mizizi yake. Kutoka kwa mti hupata mahali pa kushika tu. Mti ukianguka, nayo huanguka. Haina sababu ya kuutakia mabaya.

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniomba kisu, akapasua mwenyewe mahali pengine.

Neno alilolitumia la kunyonya lina historia katika lugha yetu. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, Tanzania ilifundisha kizazi kizima kumwita mnyonyaji kupe na kuitaka mirija yake ikatwe. Lilikuwa neno la haki dhidi ya wenye nguvu. Siku hizi nalisikia likirushwa chini: kwa mgeni, kwa aliyekuja na mfuko mmoja. Nimeitwa hivyo mimi, sokoni, na mtu ambaye mahindi aliyokuwa akipima yalilimwa Nakivale. Makazi haya yamepokea watu tangu mwisho wa miaka ya 1950, walipofika Wanyarwanda, na baada yao Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi, na kazi tunafanya. Malori ya mahindi na maharage yanayotoka huku hayaendeshwi na ndoto. Kwa hiyo mtu akiniambia mmea fulani ni kupe kwa sababu tu ameukuta juu ya mti ambao si wake, siwezi kunyamaza. Nataka kisu kiletwe na gome lipasuliwe mbele ya watu.

Hoja iliyobaki ndiyo nzito, na walioisema si wajinga. Mahindi kwanza. Mwaka 2025 Mpango wa Chakula Duniani ulipoishiwa fedha, wakimbizi karibu milioni moja nchini Uganda walikatiwa msaada wa chakula. Waliokuja miaka ya karibuni wamepimiwa kiwanja cha mita 30 kwa 30, na humo kuna nyumba, choo, jiko na shamba. Mama mwenye watoto watano akiniambia hana nafasi ya maua, sina la kumhubiria. Nikiona mtu amepanda waridi mahali pa maharage katika mwaka kama huo, mimi pia nitauliza.

Lakini okidi haipandwi mahali pa maharage. Hapo ndipo wanaonikosoa wanapokosea mmea. Haitaki ardhi, hata shubiri moja. Inaning'inia pale ambapo kitu kingine kisingeweza kuota, kati ya ukuta na mabati, juu ya vichwa vya watoto. Maji ya kuloweka okidi zangu zote 11 ni beseni moja, na ni maji ya bomba la paa, si ya foleni. Yakitoka kwenye beseni yanakwenda kwenye mchicha. Chombo chake ni dumu lililotupwa. Chakula chake ni kijiko cha mbolea kwa mwezi. Katika bustani nzima ya dunia sijui ua lingine linalomwachia mwenye njaa kiwanja chake chote namna hii. Ukitafuta ua ambalo halishindani na mahindi, umelipata, na wewe ndiye unayelikataa.

Tena kuna wazo lililojificha ndani ya ile "mkimbizi na maua wapi na wapi", nalo silikubali hata kwa dakika moja: kwamba mtu aliye njiani asipande kitu kinachochukua muda. Watu wamengojea kuondoka Nakivale kwa zaidi ya miaka 60. Wapo waliozaliwa hapa, wakazaa hapa, na bado wanaambiwa wasipande mti wa matunda kwa kuwa huenda mwakani watahamishwa. Okidi huchukua miaka miwili, mitatu, tangu kuokotwa ikiwa hoi hadi kusimamisha bua. Miaka hiyo itapita vilevile, umepanda au hujapanda. Na ikitokea jina langu limesomwa kwa ajili ya safari ya mbali, kila dumu litakwenda kwa jirani aliyekwisha kufundishwa rangi ya fedha na rangi ya kijani.

Nilisema nitazieleza zile mbili za kuni. Jirani yangu alirudi na mzigo wa matawi yaliyokatwa kwa ajili ya mkaa, na kwenye tawi moja kulikuwa na mafungu mawili ya okidi ya porini, majani membamba, mizizi imekumbatia gome. Zilikuwa dakika chache kabla ya kuingia jikoni. Nilimpa kuni nyingine badala ya tawi hilo na nikalitundika kama lilivyo, na mwaka uliofuata yakatoka maua meupe madogo, yasiyo na harufu yoyote mchana, ambayo jioni saa moja yalinukia kibaraza kizima. Hayo ni maua ya nondo wa usiku. Nchi hizi zina okidi zake nyingi za miti: Aerangis nyeupe zenye mkia mrefu wa asali, Polystachya ndogo, na Ansellia africana, yenye maua ya manjano yaliyotiwa madoa ya kahawia kama chui, ambayo inaota Uganda, Kenya, Tanzania na kwenda mpaka Afrika Kusini. Mtaalamu wa mimea Lindley, aliyeipa jina mwaka 1844, hakuchagua mfalme wala gavana. Aliipa jina la John Ansell, mtunza bustani. Mizizi yake mingine husimama juu kama sindano na kunasa majani yanayodondoka, yaoze hapo yawe mbolea. Inajitengenezea udongo wake hewani. Nani atasema hii ni ya Ulaya?

Nasisitiza, kwa kuwa najua watakaonielewa vibaya: nilichukua tawi lililokwisha kukatwa. Okidi iliyo juu ya mti uliosimama ni ya pale pale, na biashara ya okidi za porini kati ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Nyanda za juu za kusini mwa Tanzania wanajua machungu yake. Huko Kitulo, wanakokuita Bustani ya Mungu, viazi vya okidi vilichimbwa na kubebwa kwa magunia kwenda kuliwa Zambia, mpaka eneo likafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Sihitaji okidi ya msitu. Taka za Mbarara zinanitosha.

Na hizo taka ndizo ninazozitaka kwa sasa. Wenye kumbi, wenye hoteli, wenye maduka ya maua wa Mbarara: hamtaki kungoja, sawa, biashara yenu haingojei. Basi msizichanganye na mabaki ya pilau na maji ya sabuni. Zikishadondosha maua ziwekeni kando, kwenye boksi, chini ya kivuli, mlango wa nyuma. Zisimwagiliwe. Teksi ya kwanza kutoka Nakivale huingia mjini mapema, na mimi huja Jumapili.